Nimeiga mabadiliko ya kodi kwa nyumba 31 za mtaani: mbona kila mwenye mshahara anafaidika sawasawa?

KaraniWaMishomoroni
Jumatatu, saa 4 usiku

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni karani wa mishahara kwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Kazi yangu kila mwisho wa mwezi ni makato, na tangu 2023 makato yamebadilika mara nyingi hadi watu hawaniamini nikiwaambia tajiri hajagusa mshahara wao. Kuna kijana wetu wa stoo anayelipwa 50,000. Juni 2023 alikuwa anapeleka nyumbani 40,840.65. Februari 2025 akapokea 39,029.15. Akaja mezani kwangu na peslipu mbili mkononi: "Dada, 1,811.50 zangu zimekwenda wapi?"

Tukakaa tukazitafuta pamoja. Kilichotushangaza sote wawili ni kwamba PAYE yenyewe, yaani kodi ya mshahara, ilishuka, kutoka 6,879.35 hadi 5,845.85, kwa sababu tangu 27 Desemba 2024 SHIF, yaani bima ya afya, na tozo ya nyumba hutolewa kwanza kabla ya kodi kupigiwa hesabu. Kilichopanda ni NSSF, akiba ya uzeeni, kutoka 1,080 hadi 3,000. NHIF, bima ya afya ya zamani, ilikuwa 1,200, SHIF iliyochukua nafasi yake ikawa 1,375. Na tozo ya nyumba, 750, Juni ile haikuwepo kabisa. Kijana akaniuliza, "Lakini NSSF si pesa yangu ya uzeeni?" Ni yake kweli. Basi amepoteza 1,811.50 au hakupoteza? Sikuwa na jibu la haraka, na tangu siku ile jambo hili limeniingia moyoni.

Sasa nije kwenye swali. Kikundi chetu cha akina mama kinataka kupeleka maoni kwenye kikao cha umma kuhusu bajeti. Kuna mapendekezo mawili na wenzangu wamegawanyika. Wa kwanza wanataka ile nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi, inayopunguzwa kwenye PAYE, ipandishwe iwe 3,000. Wa pili wanataka pesa za wazee za Inua Jamii zitoke 2,000 ziwe 3,000. Walibishana Jumapili nzima barazani, mwisho wakanigeukia mimi: wewe ndiye mwenye kompyuta, tupigie hesabu.

Nikachukua daftari nikapita nyumba kwa nyumba. Nimepata nyumba 31, watu 118. Niliuliza nani ana mshahara na kiasi gani, nani anauza nini, nani ana miaka 70 au zaidi, nani anapokea Inua Jamii. Mama yangu mzazi ana miaka 72 na yumo kwenye orodha hiyo, kwa hivyo siwezi kusema sina upande. Nikaingiza yote kwenye Excel, mstari mmoja kwa kila mtu. Ukurasa wa kwanza una sheria za leo, wa pili una sheria tunayoipendekeza, wa tatu unatoa tofauti.

Matokeo ni haya. Nafuu ikipanda, watu wote 17 wenye peslipu wanapata 600 kila mmoja, jumla 10,200 kwa mwezi. Inua Jamii ikipanda, wazee 5 wanaopokea wanapata 1,000 kila mmoja, jumla 5,000. Ukisoma hivyo, nafuu inaleta mtaani mara mbili.

Nilikuwa nishaanza kuandika barua ya maoni, lakini kuna kitu hakinikai sawa. Mbona wote 17 wamepata 600 kamili, yule wa 20,000 na yule wa 90,000? Halafu, naweza kusimama mbele ya watu nikasema "Mombasa itafaidika hivi"? Na kama kuna programu ya kufanya kazi hii vizuri zaidi, nielekezeni.


MsimboNaChai
Jumatatu, saa 5 usiku

Dada, kwanza hongera kwa kupita na daftari. Sisi wa kompyuta tunapenda kuanzia kwenye kiti.

Unachofanya kina jina: uigaji wa kodi na ruzuku, mtu mmoja mmoja au kaya moja moja. Programu zipo. EUROMOD ndiyo kongwe inayojulikana Ulaya, na injini yake inapatikana bure. OpenFisca ilianza Ufaransa mwaka 2011 na msimbo wake uko wazi, umeandikwa kwa Python. Kuna na PolicyEngine ya Uingereza na Marekani. Ile unaingiza familia yako kwenye tovuti, unabadilisha kiwango cha kodi, unaona matokeo papo hapo. Mimi sijaona hata moja kati ya hizo yenye sheria za Kenya tayari, huenda ikabidi uziandike mwenyewe. Kwa nyumba 31 Excel inakutosha kabisa.

Nakuomba ufanye jambo moja: weka viwango vyote (vipande vya kodi vya 24,000 na 8,333, asilimia 2.75 ya SHIF, 1.5 ya tozo ya nyumba na kadhalika) kwenye ukurasa wake peke yake, kila kimoja na tarehe kilipoanza. Usiandike namba yoyote ndani ya fomula. Viwango vya NSSF vikibadilika tena, utabadilisha sehemu moja tu. Kuhusu zile 600 sijaona kosa, ningetaka kuona fomula yako.


MzeeWaTudor
Jumanne, saa 1 asubuhi

Binti yangu, waaleikum salaam. Nimestaafu, lakini miaka yangu mingi ilikwenda kwenye takwimu za kaya, na nimefurahi kuona mtu wa Mishomoroni akiuliza swali hili. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Mtu wako wa 20,000 nimemfuata kwa kalamu. NSSF 1,200, SHIF 550, tozo ya nyumba 300. Kinachobaki cha kutozwa kodi ni 17,950, na asilimia 10 yake ni 1,795. Toa nafuu ya 2,400 unapata hasi 605. Ukiweka nafuu ya 3,000 unapata hasi 1,205. Tofauti ni 600. Hapo ndipo fomula yako imekupotosha: imemrudishia mtu kodi ambayo hakuilipa. Sheria haimpi mtu pesa nafuu inapozidi kodi, inaishia sifuri. Kazini programu ya mishahara hukufanyia bila wewe kuona. Huku nyumbani itabidi uandike MAX, kwamba kodi ni sifuri au zaidi.

Ukisharekebisha utaona mpaka unajichora wenyewe. Makato matatu yanayotangulia ni asilimia 6, 2.75 na 1.5, jumla 10.25. Yakishatolewa, asilimia 10 ya 24,000 zinazobaki ndiyo hizo 2,400 za nafuu. Kwa hivyo mtu wa viwango vya Februari 2025 haanzi kulipa PAYE mpaka mshahara wake ufike kama 26,741. Aliye chini ya hapo, nafuu uipandishe hata iwe elfu kumi, hapati senti. Na aliye juu kidogo ya hapo anapata nusunusu. Wa 28,000 analipa PAYE ya 282.50, basi hizo 282.50 ndizo zote anazoweza kusamehewa. Ili mtu apate 600 kamili lazima mshahara wake ufike kama 29,415.

Hii ndiyo sababu hesabu ya mtu mmoja mmoja ilibuniwa. Mwanauchumi wa Marekani, Guy Orcutt, aliitoa hoja hiyo mwaka 1957. Wakati ule watu walikuwa wakipiga hesabu za nchi kwa jumla na wastani. Yeye akasema tuanzie chini, kwa mtu na kaya, tuipitishe sheria kwa kila mmoja, kisha ndiyo tujumlishe. Ukichukua wastani wa mshahara wa watu wako 17 ukaupitisha kwenye sheria, yule wa 20,000 na yule wa 90,000 wanayeyuka wote wawili, unabaki na mtu wa katikati ambaye haishi nyumba yoyote ya mtaa wenu.

Jambo la pili ni mpangilio. Wenye EUROMOD huita orodha ya sera uti wa mgongo, kwa sababu kompyuta huzipitia kwa zamu, moja baada ya nyingine, na kila moja hula matokeo ya iliyotangulia. Kijana wako wa stoo ni mfano mzuri. Kabla ya 27 Desemba 2024 tozo ya nyumba haikupunguza mapato yanayotozwa kodi, baada ya hapo inapunguza. Viwango vilevile, asilimia ileile, lakini zamu imebadilika, na PAYE ikabadilika. Na kuhusu NSSF yake: jedwali zuri huiweka kwenye safu yake, mbali na kodi. Ukiulizwa mwezi huu ana kiasi gani cha kununulia chakula, unaitoa. Ukiulizwa serikali imemtoza kiasi gani, huihesabu.

Jambo la tatu, na hapa nakuomba uwe makini sana. Watu 118 hawawezi kusimama badala ya watu 1,208,333 waliohesabiwa Mombasa katika sensa ya 2019. Nyumba zako ni majirani zako, hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ule uchunguzi wa bajeti za kaya wa KNBS, ofisi ya takwimu ya taifa, wa 2015/16 ulichagua kaya 24,000 kutoka maeneo 2,400 nchi nzima, na kila kaya ilipewa uzito, yaani idadi ya kaya nyingine inazoziwakilisha. Uzito huo ndio unaokupa ruhusa ya kusema "nchi". Data za namna hiyo huombwa KNBS, majina yakiwa yametolewa. Lakini na zenyewe zina kazi: bei za 2016 si za leo, lazima uzipandishe kwa faharasa ya bei kabla ya kuzitumia, kisha jumla ya kodi uliyoiga uilinganishe na makusanyo halisi ya KRA, mamlaka ya kodi, uone umeachana nayo kwa kiasi gani. Jirani zetu wamefanya hivyo. Tanzania ina TAZMOD, Uganda ina UGAMOD, zote zinatumia injini ya EUROMOD chini ya mradi wa SOUTHMOD, ambao taasisi ya utafiti ya UNU-WIDER ya Helsinki inashirikiana ndani yake na watu wa Chuo Kikuu cha Essex na wenzao wa Afrika. Watafiti huzipata bure.

Basi sema "nyumba 31 za Mishomoroni". Maneno hayo yana nguvu yake. Usiyanyooshe.

Na neno "nyumba" ulilinde. Kwenye uchunguzi kaya ni wanaokula chungu kimoja. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na majiko sita ni kaya sita. Je, ulihesabu milango au vyungu?

La mwisho, majina. Una mishahara ya watu humo, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Toa majina, weka namba, na lile daftari lifungie kabatini.


MamaHamri
Jumanne, saa 9 alasiri

Naandikiwa na binti yangu. Mimi nauza mahamri na mbaazi Kongowea, asubuhi saa 11 niko kwenye karai.

Nimesomewa yote haya na nimeyafuata. Swali langu ni hili, mimi niko wapi kwenye jedwali lenu? Sina peslipu. Sina miaka 70. Kwenu nyinyi mimi ni sifuri, sifuri. Lakini mwaka 2024 walipoleta ule mswada wa fedha, ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16 kwenye mkate, mimi ndiye niliyekosa usingizi. Uliondolewa baada ya vijana kuingia barabarani kuandamana, lakini hakuna aliyekuja kunipigia hesabu ungenifanya nini.

Na kompyuta yenu muiambie jambo. Hamri ni shilingi 10. Mafuta yakipanda siwezi kuuza 11, shilingi moja ya chenji nani anayo saa 12 asubuhi? Na nikisema 15 wateja wanahamia kwa jirani. Kwa hivyo bei haipandi. Ninachofanya nakata donge dogo. Mtoto wa shule anakula hamri mbili zilezile kwa shilingi 20 ileile, na saa 4 ana njaa. Karatasi ya bei itaonyesha hakuna kilichobadilika.


KaraniWaMishomoroni
Ijumaa, saa 3 usiku

Shikamoo Mzee wangu. Shikamoo Mama. Nimechelewa kurudi kwa sababu nimelazimika kupita nyumba zote upya.

Kosa ni lilelile Mzee alilolisema. Niliandika kodi kutoa nafuu, nikaishia hapo. Niliumia kuliona, kwa sababu hapo kazini kila mwezi natoa peslipu zenye PAYE ya sifuri na najua maana yake. Nimeweka MAX. Nimechukua na ushauri wa MsimboNaChai, viwango vyote vina ukurasa wao na tarehe zao. Halafu nikazipiga peslipu tano kwa mkono nikalinganisha na jedwali, zote zimetoka sawa hadi senti.

Kuhusu vyungu: nilihesabu vyungu bila kujua ndivyo wataalamu wanavyofanya. Niliuliza kila mlango, "Hapa mnapika pamoja?" Kulikuwa na mlango mmoja wenye ndugu wawili na wake zao, majiko mawili, nikawaandika mara mbili. Majina nimeyafuta. Karatasi ile ya kwanza nilikuwa nimeshaituma kwenye simu za wanakikundi ikiwa na majina na mishahara. Nimempigia kila mmoja kumwomba aifute, na nimewaendea wenye majina kuwaomba radhi. Mmoja alikasirika na ana haki.

Sasa matokeo. Kati ya watu 17 wenye peslipu, 5 wako chini ya ule mpaka wa 26,741. Wale hawapati kitu. Mmoja wao ni yule dada anayefanya usafi hotelini Bamburi ambaye kikundi kizima kilikuwa kinamtaja kama ndiye atakayesaidika. Wawili wana 28,000 na wanapata 282.50 kila mmoja. Waliobaki 10 wanapata 600. Jumla 6,565 kwa mwezi, badala ya zile 10,200 nilizowaambia watu Jumapili. Na pesa hizo zinaingia kwenye nyumba 10 kati ya 31.

Upande wa wazee, swali la Mzee la vyungu lilinifanya niulize umri upya kwa vitambulisho. Kumbe wenye miaka 70 na zaidi ni 7, na wanaopokea ni 5. Mmoja wa wale wawili ana miaka 74 na hajawahi kwenda kujiandikisha, alidhani ni ya wasio na watoto. Hapo nikaona kitu ambacho barazani hakuna aliyekitaja. Kuwaongeza wazee watano 1,000 kila mmoja ni 5,000 kwa mwezi. Kuwaingiza wale wawili kwa kiwango cha leo cha 2,000 ni 4,000. Pesa pungufu, na zinafika kwenye nyumba mbili ambazo hazipati chochote kwenye mapendekezo yetu yote mawili. Kama ningeiambia kompyuta "mpe kila mwenye miaka 70", ingewahesabu wote saba na kunificha hao wawili.

Nimejumlisha: nyumba 10 zina mtu wa kufaidika na nafuu, nyumba 5 zina mzee anayepokea, na nyumba moja iko pande zote mbili. Hiyo moja ni yetu, mama yangu na mimi. Zinabaki nyumba 17. Dereva wa tuktuk, vibarua wa mizigo, mama wa matunda, fundi cherehani, mvuvi mmoja. Mama Hamri, nawe ndimo ulimo. Sijui niwaeleze vipi kikundi, maana sote tulibishana wiki nzima kuhusu mapendekezo ambayo zaidi ya nusu ya mtaa hayawagusi.

Nataka kuongeza ukurasa wa nne, wa matumizi. Nimeanza na mafuta ya kupikia kwa sababu ya maneno ya Mama. Niliwauliza nyumba zote wananunua kiasi gani kwa wiki. Wengi walicheka wakasema hawanunui kwa lita, wananunua ya kupima, ya shilingi 20, ya 50. Mzee, hapo naingizaje VAT?


MzeeWaTudor
Jumamosi, saa 2 asubuhi

Marahaba binti yangu. Kazi uliyoifanya kwa siku nne wengine huifanya kwa miezi, na kuwaendea wale watu kuwaomba radhi kumenigusa kuliko hizo hesabu.

Mafuta ya kupima yaandike kwa shilingi, usihangaike na lita. Nyumba ikitumia 50 kwa siku, hiyo ni 1,500 kwa mwezi. Kodi ya bidhaa hupanda kwa zamu nayo. Bidhaa ya 100 bila ushuru wa bidhaa, ukiweka VAT ya 16, inauzwa 116. Ukiweka kwanza ushuru wa asilimia 25 inakuwa 125, kisha VAT inatozwa juu ya hiyo 125, unafika 145. Kutoka 116 hadi 145 ni asilimia 25. Hiyo ni kwa kiwango cha juu kabisa, kama bei yote imebebeshwa ushuru na muuzaji hakumeza sehemu yoyote. Basi nyumba ya 1,500 ingehitaji 1,875 kununua mafuta yaleyale. Andika na nusu yake pia, kama wauzaji wangemeza nusu. Watu waone mbili hizo kando kwa kando.

Uangalie vilevile tofauti ambayo wengi huichanganya. VAT ya sifuri na kusamehewa VAT si kitu kimoja. Bidhaa ya kiwango sifuri, mtengenezaji hurudishiwa VAT aliyoilipa kwenye umeme na vifungashio. Bidhaa iliyosamehewa, harudishiwi, na gharama hiyo inajificha ndani ya bei. Mkate mwaka 2024 ulikuwa kiwango sifuri ukitaka kupelekwa 16. Mkate wa 65 ungekaribia 75.40.

Mama Hamri, shikamoo. Ulichosema kuhusu donge tunaweza kukipiga hesabu. Tuseme mafuta ni robo ya gharama ya hamri na hamri yako ina gramu 60. Mafuta yakipanda asilimia 25, gharama nzima inapanda asilimia 6 na robo. Ukibaki na shilingi 10 yako na faida yako ileile, donge linashuka hadi gramu 56 na nusu. Kwa mtoto wa hamri mbili ni gramu saba kila asubuhi. Uigaji wa kawaida huhesabu siku ya kwanza ya sheria, kana kwamba hakuna aliyebadili mwendo wake. Wewe unabadili siku hiyohiyo, saa 11 alfajiri. Binti, hiyo iwekee safu yake, kwa gramu.

Na ukiwa kwa Mama, mwulize mauzo. Tangu Julai 2023 ushuru wa mauzo ni asilimia 3 kwa anayeuza zaidi ya milioni moja kwa mwaka hadi milioni 25. Mtu anayeuza mahamri 300 kwa siku, siku 312, ameuza 936,000. Halipi. Akifika 330 kwa siku amevuka, ameuza 1,029,600, na asilimia 3 yake ni 30,888, inayotozwa kwenye mauzo, kabla hajatoa unga wala mafuta wala makaa. Mahamri 30 tu kwa siku. Hilo nalo liko ndani ya zile nyumba 17.


MamaHamri
Jumamosi, saa 10 jioni

Marahaba, Mzee. Binti yangu amenisomea mara mbili.

Robo si sawa. Siku za mbaazi nyingi mafuta ni chini ya hapo, na mwezi wa Ramadhani yanazidi kwa sababu ya viazi karai na bajia. Nina daftari la duka tangu mwaka jana, kila jerikani nililonunua na bei yake. Karani, njoo Jumatatu baada ya saa 4 nikishamaliza kuuza, uje na mizani. Donge la leo nimeliweka kando kwenye sahani, na nitaweka la kesho na la Jumatatu. Uyapime yote matatu kabla hujaandika gramu 60.


KaraniWaMishomoroni
Jumamosi, saa 3 usiku

Nitakuja, Mama. Mizani naazima kwa mama wa matunda, hapa nyumba ya 22. Kikao cha kikundi nimekisogeza hadi Jumapili ya wiki ijayo, na barua ya kwanza nimeichana.